Mpe hela ya mboga, mwachie na uamuzi

Watoto wetu wa Tandika na Tandale hutumwa dukani tangu hawajaanza shule. Bei ya unga wanaijua, na duka linalopima mafuta vizuri wanalijua. Ila tunawatuma na jibu mkononi: "Nyanya fungu moja, vitunguu viwili, urudi na chenji." Kufikiri tumeshafikiri sisi.

Jumamosi hii mkabidhi mwanao wa kidato cha kwanza hela ya chakula ya siku mbili, umuulize: tutakula nini? Aende sokoni mwenyewe. Apige hesabu kama mafuta ya kupima ya kila siku, ukijumlisha wiki nzima, hayapiti bei ya lita. Aloweke maharage usiku, aone yanavyoiva upesi na mkaa unavyobaki. Ajue kwamba unga wa dona, kwa kuwa mahindi yake hayakukobolewa, una lishe kuliko sembe, na kwamba dagaa kwa tembele ni mlo kamili ukiwa na ugali.

Wavulana pia, tafadhali. Kijana atakayepanga chumba Mbagala asipojua haya ataishi kwa chipsi mayai, na mshahara utakatika katikati ya mwezi.

Akimaliza hela yote kwa kuku wa siku ya kwanza, usimgombeze wala usimwongezee. Kuleni ugali na mchicha uliopo. Kisha mpe daftari aandike alichonunua na bei yake, Jumamosi ijayo aanzie hapo.