Waliotuzikia Wapendwa Wetu

Somo: 1 Samweli 31:11–13, 2 Samweli 1:1–12, 2:4–7



Mwezi uliopita tulipigiwa simu kutoka Bujumbura kwamba rafiki yetu wa miaka mingi amelala katika Bwana. Alikuwa ameshazikwa siku mbili. Wengi mlikuja kutupa pole, Mungu awabariki.

Ndugu huyu tulianza naye safari za baiskeli tukiwa vijana wa kwaya. Tulipanda Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, tukashuka na mikungu ya ndizi hadi mjini. Wakati wa kupanda vijana wengi hushika lori kwa nyuma; yeye alikataa, akisema lori halina urafiki na mtu. Mara nyingine tulifuata mawese Rumonge, zaidi ya kilomita 70 kandokando ya Ziwa Tanganyika. Njia nzima alikaa nyuma yetu. Tulipomuuliza sababu, alisema anayetangulia hajui kama mwenzake ameanguka. Mlioteremka Bugarama, breki ikiwa ni soli ya kandambili kwenye tairi, mnajua uzito wa neno hilo.

Sasa ameanguka yeye, nasi tuko mbali.

Anayefiwa ukimbizini huumia mara mbili: amefiwa, tena hakutupa hata konzi moja ya udongo kaburini. Biblia inamjua mtu huyo. Daudi alikuwa Siklagi, katika nchi ya Wafilisti, alikokimbilia kumkwepa Sauli. Habari za kifo cha Yonathani zilimkuta huko huko. Akararua mavazi, akalia, akafunga mpaka jioni, na watu wake wakalia pamoja naye. Hatusomi kwamba yeyote alimwambia ajikaze.

Je, nani alizika? Mashujaa wa Yabesh-gileadi. Walitembea usiku kucha, wakaishusha miili ya Sauli na wanawe kutoka ukuta wa Beth-shani, wakaizika mifupa yao chini ya mti. Daudi alipojua, alituma wajumbe kuwashukuru na kuahidi kuwatendea wema. Hapo wahubiri huwa tunaparuka, maana tunakimbilia kiti cha enzi.

Lakini angalieni, wapendwa: watu wa Yabeshi walikuwa waaminifu kwa Sauli, yule yule aliyemwinda Daudi. Daudi hakuwauliza walikuwa upande gani. Aliwashukuru kwa kuzika.

Miongoni mwetu wapo ambao tangu 1993 au 2015 wapendwa wao walizikwa na majirani, na wengine wa majirani hao ni wa upande tulioukimbia. Kuwashukuru hao ni kugumu. Hatusemi ubaya uliotendeka usahauliwe. Tunasema aliyechimba kaburi alichimba kaburi, na anastahili asante yake.

Sisi tumewapigia majirani wa Buyenzi waliomzika rafiki yetu, mmoja mmoja. Kama Daudi alivyomtafuta Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, tumemwahidi mtoto wake wa mwisho madaftari ya kila muhula. Si kitu kikubwa. Hali ya posho mnaijua.

Jumamosi baada ya maombi ya jioni, kila mwenye msiba wa nyumbani aje na jina la marehemu na la aliyemzika, kama analijua. Wazee watakuwepo na karatasi na kalamu kuwaandikia barua wasiojua kuandika.