Ulimi wa Kuazima

Je, mcha Mungu anaweza kuifanya kazi ya kuwasemea wengine mahakamani, hata wale waliotenda kosa, na dhamiri yake ikabaki safi? Swali hili ni kongwe, lakini Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania, lina uzito wa pekee, kwa kuwa huko wapo maelfu ya watu wanaoishi chini ya sheria za nchi isiyo yao. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, imepokea Warundi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Mwanamke aliyetoka kutafuta kuni anaweza kujikuta kizimbani. Kirundi chake na Kiha cha wenyeji vinasikilizana, hivyo maneno yake yataeleweka. Ila hajui kwamba anaruhusiwa kumuuliza shahidi maswali, wala kwamba ipo rufaa. Mtu wa namna hii ndiye aliyekifikisha huko Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, kilichoanza mwaka 1989 chini ya SUWATA, shirika la uchumi la wanawake, na kusajiliwa mwaka 1994, ambacho kimewahudumia wakimbizi wa kambi hizo kwa kushirikiana na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi.

Jibu langu ni ndiyo, na ushahidi wangu wa kwanza ni hadithi ambayo kwa kawaida hutumiwa dhidi ya mawakili. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Umm Salama kwamba Mtume Muhammad aliwaonya waliomletea mashauri: yeye ni binadamu, huamua kwa kadiri anavyosikia, na huenda mmoja wao akawa hodari zaidi wa kujieleza, basi atakayepewa haki ya ndugu yake kwa ufasaha huo, amepewa kipande cha moto. Onyo hilo linamhusu msemaji hodari, na ni la kweli. Lakini ndani yake limo jambo jingine zito: hukumu hutegemea kilichosikika, na watu hawakujaliwa ufasaha sawa. Ikiwa Mtume mwenyewe alijihadhari hivyo, hakimu wa wilaya mwenye majalada mezani ajihadhari mara ngapi? Dawa ya ufasaha wa upande mmoja si kuwanyamazisha wote. Ni kumwazima ulimi yule asiye nao, ili hakimu asikie pande mbili kabla ya kuamua.

Mtu atanijibu kwa Surat An-Nisaa, aya ya 105, inayokataza kuwatetea wahaini. Pingamizi hili ni zito, na wafasiri wanatusaidia kulipima. Wanaeleza kwamba aya ilishuka baada ya deraya kuibwa Madina, na jamaa za mwizi wakaja na maneno matamu kumtwika lawama mtu wa Kiyahudi asiye na hatia. Tazama nani alikuwa hatarini: mtu wa jamii nyingine, aliyetwikwa kosa la mwingine. Kilichoharamishwa ni uongo unaomhamishia mwingine dhambi, na hapo wakili hana ruhusa hata chembe. Kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe unachodai ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua shauri la Alex Thomas, aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kupewa wakili, ikasema Tanzania ilivunja haki yake ya kujitetea. Haikuhitaji kwanza kumwona hana hatia ili kusema hivyo.

Pingamizi la pili ni la Mtume Paulo, aliyewakemea Wakorintho kwa kushtakiana wao kwa wao badala ya kupatana. Sheria yetu nayo ilikuwa na mawazo yanayokaribiana na hayo: kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kabisa katika mahakama ya mwanzo, hadi mlango ulipofunguliwa kwa sehemu mwaka 2021. Nakubali nusu. Mpaka wa shamba kati ya majirani huamuliwa vizuri na wazee waliouona mti ukipandwa, na wakili anayechochea ugomvi wa ndugu ili apate ada anatenda dhambi. Lakini Paulo huyohuyo, alipofungwa, alidai haki ya uraia wake wa Kirumi na kukata rufaa kwa Kaisari. Upatanisho unadai watu wenye nguvu zinazokaribiana. Mjane anayeketi mbele ya shemeji zake hana nguvu hizo, kwani tangazo la sheria za mila la 1963 linamnyima fungu katika mali ya mumewe na kumwachia atunzwe na watoto. WLAC ilisimama na wajane wawili wa Shinyanga dhidi ya sheria hiyo. Mahakama Kuu ilikiri ina ubaguzi lakini haikuifuta, rufaa ikaanguka kwa kasoro ya hati, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa wajane haki. Wazee gani wa ukoo wangewafikisha huko?

Basi sioni kwa nini kazi hii iwekwe chini ya zahanati na shule katika hesabu za ibada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili waliofunzwa kumwongoza mwenzao. Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, na parokia za Kikatoliki zinaweza kuwasomesha wasaidizi hao kwa sadaka. Misikiti nayo ina zaka, na miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahili yumo msafiri aliyekwama njiani. Mkimbizi wa Nduta anayesubiri tarehe ya kesi Kibondo ana hoja nzuri ya kuhesabiwa humo.