Mizani ya Hatari

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya ina urefu unaozidi kilomita 800. Ikishaliacha bonde la Mto Ruaha Mkuu, huukwea Mlima Kitonga kwa kona kali, upande mmoja jabali na upande wa pili korongo, ndipo ifike katika nyanda za Iringa. Mbele yake ni Mafinga, Makambako, kisha miteremko ya Mbeya, ukiwemo ule wa Iwambi. Kila apitaye njia hiyo huipima hatari, ajue asijue. Suala la kimaadili ni hili: huipima kwa mizani gani, na ni roho ya nani iliyowekwa juu yake?

Mizani ya kwanza ni hofu, nayo haipimi sawa. Mgeni aendaye Hifadhi ya Ruaha huwaza simba. Aghalabu hawazi mamia ya kilomita za barabara zilizo baina yake na simba huyo. Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Katika usiku wa Juni na Julai, baridi inapouma Mufindi, wapo waingizao jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mwizi hutiliwa komeo, ilhali hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu hukaribishwa ndani pamoja na joto. Jambo la kila siku haliachi kuwa la hatari kwa kuwa limezoeleka; macho tu ndiyo yamechoka kuliona.

Mizani ya pili ni kudra. Husemwa kwamba ajali haina kinga, na msemo huo una hekima yake: humliwaza mfiwa, na humkumbusha binadamu kwamba kesho si mali yake. Lakini ukitamkwa kabla ya safari badala ya baada ya msiba, hugeuka udhuru. Fundisho la kumfunga ngamia kwanza ndipo mtu atawakali linafahamika vyema pwani na bara. Dereva ashukaye Kitonga kwa gia ya chini, asije akazichosha breki zikapata moto, hakupungukiwa na imani.

Yupo atakayesema kuwa kila mtu ana haki ya kuyahatarisha maisha yake mwenyewe. Haki hiyo ipo, ila barabarani ni nadra mtu kuwa peke yake. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi lililotoka Mbeya liligongana na lori, na kontena likaliangukia basi hilo. Watu zaidi ya 40 walifariki. Akataye tiketi hukubali kusafiri; haulizwi juu ya shimo lililo njiani, wala juu ya mzigo wa gari atakalopishana nalo.

Tena uwezo wa kuchagua haukugawiwa sawa. Mchuuzi wa viazi wa Uyole, ambaye mali yake itaoza akingoja, hana nafasi aliyo nayo mtumishi awezaye kuahirisha safari hadi kesho. Zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu kwa karibu miaka 30, liliondolewa mwaka 2023. Kwa mchuuzi huyo ni siku nzima iliyookolewa. Hata hivyo, uhuru huo ulirudi pamoja na mzigo wake: usingizi wa dereva, ambao zamani ulizuiwa kwa amri, sasa wahitaji kupimwa na dhamiri ya mwenye gari na ya dereva mwenyewe.

Na dhamiri ya abiria je? Basi linapokwenda kasi, wengi husinzia na wachache hushangilia. Akitokea mmoja kumwomba dereva apunguze mwendo, huambiwa kuwa kama anaogopa ashuke. Wamwambiao hivyo hudhani wanamcheka mwoga. Kumbe huyo ndiye pekee aliyeuliza kwa niaba ya mtoto aliyelala mapajani mwa mamaye. Mwenye kuchagua hatari yake mwenyewe huenda akaitwa shujaa; amchaguliaye mwenziwe bila kumwuliza hastahili jina hilo. Na kadiri mtu alivyo na nafasi zaidi ya kuchagua, awe dereva, tajiri wa gari au mtunga sheria, ndivyo wajibu wake wa kupima unavyozidi.