Mwalimu wa Asubuhi na Mwalimu wa Jioni

Hapana shaka kwamba masomo ya ziada huwafaa wanafunzi wa hesabu na fizikia. Swali gumu ni jingine: je, ni haki mwalimu kuuza jioni kitu ambacho ana deni la kukitoa asubuhi? Katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita swali hili lina uzito wake. Huko thamani imezoewa kupimwa kwa mizani: almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na kandokando ya migodi hiyo wachimbaji wadogo huosha mchanga kutafuta riziki.

Kwanza yafaa kujua faida hutoka wapi. Hesabu ni elimu ya ngazi: asiyejua kugawanya sehemu hujikwaa katika milinganyo, na aliyejikwaa katika milinganyo huiona fizikia kuwa giza tupu. Katika darasa la watu wengi mwalimu huona jibu lililokosewa, asione mahali fikira ilipokatikia. Mwanafunzi mmoja aketipo na mwalimu mmoja, kosa huonekana lingali changa, na haya ya kuchekwa huondoka. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza kuwa mwanafunzi wa kadiri aliyefundishwa hivyo aliwapita wapatao 98 katika kila 100 wa darasa la kawaida. Wachunguzi waliofuata walipata faida ndogo kuliko hiyo, lakini hawakuikana.

Mfano u karibu. Mtoto wa mchimbaji amekwisha kuona kwamba karai likitikiswa ndani ya maji, mchanga huchukuliwa na dhahabu husalia chini. Mwalimu mwenye nafasi humwuliza sababu, kisha humwonyesha kuwa sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, na ya jiwe jeupe liishikalo dhahabu ina gramu 2.65 hivi. Akigawanya mwenyewe, hupata zaidi ya mara 7. Hapo tarakimu huacha kuwa adhabu, zikawa maelezo ya jambo alilolijua kwa macho.

Tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha 1 hadi cha 4 imeondolewa katika shule za serikali. Basi mlango wa shule ukafunguliwa kwa wote, lakini mlango wa jioni una bei. Mwenye fedha huingia. Asiye nazo huenda kuosha mchanga, na kesho huketi na mwenzake mbele ya mtihani mmoja.

Yaweza kusemwa kwamba jioni ni mali ya mwalimu, na kwamba fundi seremala atengenezaye viti baada ya kazi halaumiwi. Ni kweli, ila seremala hakivunji asubuhi kiti atakachokiunga jioni. Mwalimu anayewauzia wanafunzi wake mwenyewe hupata faida kwa kadiri somo la mchana lilivyokuwa halieleweki. Huenda akawa mwaminifu, lakini amejiweka mahali ambapo uaminifu wake humtia hasara. Anayemfundisha mtoto wa shule nyingine hayumo katika mtego huo. Mzazi alipaye naye hana hatia, kwa kuwa kumpenda mwana si kumdhulumu jirani.

Haki basi haitapatikana kwa kuizima taa ya jioni. Itapatikana kwa kuuleta ufundi wake mchana: vikundi vidogo, wakubwa wakisikiliza fikira za wadogo, na kosa likachunguzwa kabla ya kuadhibiwa. Kipimo cha msaada wowote, wa kulipwa au wa bure, ni kimoja: mwanafunzi amhitaji msaidizi wake kidogo zaidi mwezi huu kuliko mwezi uliopita. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hawaachi kumhitaji hajawafundisha bado, hata wakifaulu.