Kuiacha Barabara

Soma Luka 10:30–37 na 1 Wakorintho 12:21–26. Kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa. Kwa nini kuona hakukutosha?

Mtu akichomwa na mwiba shambani, baada ya muda mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Wengi wetu hudhani uvimbe huo ndio ugonjwa. Kumbe mara nyingi ni dalili kwamba mwili umesikia kilio cha kiungo chake.

Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mwanasayansi Metchnikoff kutoka Urusi aliwachoma kwa miiba midogo viti vya pweza wachanga, ambao miili yao huonekana hadi ndani. Asubuhi yake alikuta seli zimeuzunguka mwiba. Zilikuwa zimeufuata.

Tangu hapo imefahamika jinsi wito huo unavyofika katika miili yetu. Sehemu iliyoumia hutoa kemikali. Mishipa ya damu iliyo jirani hupanuka, na ukuta wake wa ndani hutokeza vishikio kama ndoana. Seli nyeupe zilizokuwa zikipita kwa kasi hunaswa, hubingirika polepole, husimama, kisha hujipenyeza ukutani na kutoka nje ya mshipa. Huko huelekea mahali ambapo kemikali ile ni nyingi zaidi, mpaka zifike kwenye jeraha. Za kwanza, ziitwazo neutrofili, hufika ndani ya saa chache, na nyingi hufia hapo hapo. Usaha tunaouchukia kwa sehemu kubwa ni mabaki ya seli hizo.

Lakini wapo watoto wachache wanaozaliwa na ugonjwa wa kurithi unaozuia jambo hili. Seli zao nyeupe hukosa kitu cha kuzishikiza kwenye ukuta wa mshipa. Damu yao ikipimwa, hukutwa na seli nyeupe tele, kuliko hata za mtoto mwenye afya. Hata hivyo kitovu huchelewa kukatika, na vidonda haviponi wala havitungi usaha. Walioathirika sana hufa wangali wadogo wasipopandikizwa uboho wa mtu mwingine. Askari wamejaa barabarani, jeraha liko karibu kabisa, na hakuna anayetoka.

Hapa swali linatugusa. Je, yatosha mtu kuwapo? Kuhani na Mlawi walikuwapo, tena katika barabara ileile. Walichoshindwa ni kuiacha safari yao. Kanisa nalo laweza kuhesabiwa Sabato asubuhi likakutwa limejaa hata viti havitoshi, na bado mjane aliyeketi nyuma akarudi nyumbani bila kuulizwa hali yake.

Mtu aweza kusema: “Mimi sikumjeruhi, wajibu wangu unatoka wapi?” Swali hilo ni la zamani kama Kaini (Mwanzo 4:9). Seli nyeupe nayo haikulisababisha jeraha. Huitwa kwa sababu ni ya mwili uleule, na Paulo anajenga hoja yake papo hapo. Yesu anatupeleka mbali zaidi, kwa kuwa katika mfano wake aliyesimama alikuwa Msamaria, mtu aliyehesabiwa kuwa mgeni. Tena seli haichagui, bali sisi tunachagua. Kwa hiyo kupita kando kwetu ni jambo tutakalotolea hesabu.

Tuuangalie na ule ukuta. Seli hazingesimama kama mshipa wa jirani usingetokeza vishikio. Aliyeumia mara nyingi hana nguvu ya kuita kwa sauti, hivyo walio karibu naye ndio wa kupeleka habari. Mwalimu wa darasa la Shule ya Sabato anapoona jina moja halijatiwa alama kwa Sabato tatu, hiyo ni ishara. Ikiishia kwenye kadi ya mahudhurio, tumepima damu tu. Hatujafika kwenye jeraha.

Kuna onyo pia. Uvimbe usiokoma huuharibu mwili wenyewe, kama inavyoonekana kwenye viungo vya mwenye baridi yabisi. Nasi twaweza kumwendea ndugu aliyeanguka tukiwa wengi na wenye hasira, tukalizidisha jeraha kwa maneno. Ndiyo maana Wagalatia 6:1 inataka arejezwe kwa upole. Msamaria alitia mafuta na divai. Hakumhoji yule mtu kwa nini alisafiri peke yake.

Kwa majadiliano:

1. Ni jina gani halijasikika darasani kwenu siku hizi? Nani ataenda, na lini?

2. Kumwendea aliyejeruhiwa hugharimu muda, fedha na pengine sifa njema. Je, kuna mahali ambapo wajibu huo hufikia mwisho? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.

3. Tutajuaje kwamba kuja kwetu kunaponya, wala hakuongezi maumivu?