Nyama Iliyoiva Ikawaangusha Watu

Machi 28, 1993, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, watu 115 walihudhuria karamu ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland. Sikukuu yenyewe huwa Machi 17, lakini hawa walikutana baadaye, na chakula kilikuwa kilekile cha desturi: nyama ya kidari cha ng'ombe iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi na kuokwa, kabichi, viazi, mboga nyingine, na aiskrimu ya kumalizia. Maafisa wa afya walipowahoji 113 kati yao, 86 walisema wameugua. Walikuwa wakihara, tumbo likiwasokota, na nusu yao walianza kuugua ndani ya saa tisa na nusu hivi baada ya kula.

Nyama ile ilikuwa imeiva. Hilo nalisema mapema kwa sababu jambo la kwanza linalomjia mtu akisikia habari ya namna hii ni kwamba mpishi aliharakisha, akaipakua nyama mbichi. Sivyo. Kulikuwa na vipande kumi na vitatu, kila kimoja cha kilo nne na nusu hivi, vikaokwa kwa mikupuo minne kati ya tarehe 27 na 28. Mikupuo mitatu ya kwanza iliwekwa kwenye friji ya nyumbani. Wa mwisho ulipelekwa moja kwa moja ukumbini. Saa moja na nusu kabla ya watu kuanza kupakua, nyama ilikatwakatwa na kuwekwa chini ya taa za kupasha joto.

Tuitazame hiyo friji. Friji ya nyumbani imetengenezwa kwa ajili ya maziwa, mayai, mboga na kiporo cha jana. Ukiingiza humo vipande vya kilo nne na nusu vikiwa bado vina moto, kimoja juu ya kingine, friji inazidiwa. Ukigusa nyama kwa nje utaikuta baridi, ukaridhika na kufunga mlango. Katikati ya kipande, mahali kidole hakifiki, joto linabaki vuguvugu kwa saa nyingi.

Katika vuguvugu hilo ndimo anamostawi bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Anapatikana kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama, kwa hiyo kumkuta katika nyama si ajabu. Ubaya wake ni kwamba akibanwa hujifungia ndani ya ganda gumu, na ganda hilo linahimili kuchemshwa. Mpishi anapotokosa nyama kwa saa tatu huua karibu kila kijidudu kingine, na hewa iliyokuwa majini inatoka. Huyu hapendi oksijeni. Nyama inapoanza kupoa anazinduka na kukuta nyumba tupu, chakula tele na hewa inayomfaa. Joto analolipenda zaidi ni la nyuzi 43 hadi 47 za Selsiasi, na humo anaweza kujigawa kila dakika kumi hivi. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo huo, bakteria mmoja anakuwa zaidi ya laki mbili na nusu ndani ya saa tatu.

Mwezi huohuo, huko Cleveland, Ohio, watu 156 waliugua kwa sababu hiyohiyo. Duka moja la vyakula lilikuwa limenunua ratili 1,400 za nyama hii, yaani zaidi ya kilo 630, na kuanzia Machi 12 likawa linaichemsha kwa mafungu, kila fungu saa tatu. Nyama iliachwa ipoe yenyewe jikoni, kisha ikatiwa kwenye friji. Tarehe 16 na 17 ikatolewa na kuwekwa kwenye kabati la kupashia lenye joto la nyuzi 120 za Fahrenheit. Hizo ni kama nyuzi 49 za Selsiasi. Mtu angeweza kuona mvuke akaamini chakula kiko moto. Ukweli ni kwamba kabati lile lilikuwa likimlea bakteria. Mikate mingine iliyotiwa nyama hiyo ilisafirishwa kwa wateja na kukaa bila friji hadi ilipoliwa mchana ule.

Inaniuma kwamba kosa hili lilikuwa na dawa hata saa ile ya mwisho. Bakteria huyu anamdhuru mtu anapoingia tumboni akiwa hai na kwa wingi. Nyama ingepashwa moto wa kweli, wa nyuzi 74 za Selsiasi, mpaka ndani, angekufa.

Sasa, anayetaka kupika chakula hiki nyumbani asiogope. Ni chakula kizuri, na kina historia yake. Huko Ireland wenyewe walizoea nyama ya nguruwe ya chumvi kwa kabichi. Nyama ya ng'ombe ya chumvi ya bandari ya Cork ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje, ikiliwa na mabaharia. Ni wahamiaji wa Ireland waliofika Marekani ndio waliokuta kidari cha ng'ombe kinapatikana kwa bei nafuu wakakifanya chakula cha sikukuu.

Chukua kipande cha kilo moja na nusu au mbili. Kisuuze kwa maji ya bomba, kitie sufuriani, maji yakifunike, pamoja na pilipili manga, mbegu za haradali, giligilani na karafuu chache. Kikishachemka punguza moto mpaka maji yawe yanatikisika tu, na ukiache kwa saa tatu hivi, hadi uma uingie bila kulazimisha. Moto mkali huikaza nyama hii. Kisha iopoe, na katika mchuzi uleule tia viazi na karoti. Kabichi iliyokatwa robo, kikonyo chake kikiwemo ili isisambaratike, iingie dakika kumi na tano za mwisho. Nyama ikate kwa kupingana na nyuzi zake.

Utaona ni nyekundu mpaka ndani. Hiyo ni kazi ya chumvi ya naitraiti inayotumika kuilowekea, na haina maana ya ubichi. Wageni wengi huishtukia rangi hiyo, wakakuomba uirudishe motoni, na huku kipande kingine kimesahauliwa mezani tangu adhuhuri bila mtu kukitilia shaka. Tena wapo wanaodhani chumvi itailinda. Chumvi nyingi imekwisha kuhamia kwenye maji ya kuchemshia. Nyama ya kopo tuliyoizoea, kama ile iliyokuwa ikitoka kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, Dar es Salaam, inakaa kabatini kwa sababu imepikwa kwa joto kali ndani ya kopo lililozibwa. Kidari cha sufuriani hakina kinga hiyo.

Kinachobaki kikatwe vipande vidogo mara moja, kitandazwe kwenye trei au bakuli zisizo na kina, na kiingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita. Nyama inatakiwa ishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, halafu ifike nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine. Kwa mchuzi, weka sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu na ukoroge. Ukitaka kuweka chakula mezani muda mrefu, kikae juu ya nyuzi 60. Kipimajoto cha jikoni si ghali, nacho kinajua zaidi ya kidole.

Wapishi wa shughuli huku kwetu wanaopika nyama ya pilau usiku, wakafunika sufuria kubwa ikalala hadi asubuhi, habari hii inawahusu vilevile.

Kwa mtu mzima mwenye afya, maradhi haya aghalabu humalizika ndani ya siku moja. Kwa mzee au mtoto mdogo, kuharisha kwa siku moja kunaweza kumkausha maji hadi akalazwa. Kwa hiyo ukimfungia mgeni nyama ya kwenda nayo nyumbani, mwambie ilitoka motoni saa ngapi, na umsihi asiile bila kuipasha mpaka iwe moto kabisa hadi ndani.