Zege Lililomtangulia Mhandisi

Kijiji cha kisa hiki usikitafute kwenye ramani. Nimekitunga, ila makosa yake hayakutungwa. Hufanywa kila mara na vikundi vya kijamii vinavyopata ruzuku ya kujenga. Tukiweke milimani Upare, wilayani Same, kwenye kata ambayo zahanati yake haina chumba cha kujifungulia. Kikundi kiliandika andiko, shirika la hisani likakubali: shilingi milioni 60. Barua ikasomwa kwenye mkutano wa hadhara, akina mama wakapiga vigelegele, na wiki hiyohiyo mwenyekiti akateremka mjini kuchukua saruji na nondo kwa mkopo. Alimwonyesha mwenye duka barua. “Fedha ipo,” alisema.

Fedha haikuwapo. Kilichokuwapo ni ahadi ya kulipa kwa masharti, na masharti yenyewe yalikuwa kwenye kiambatisho cha mkataba ambacho hakikusomwa mkutanoni.

Siwalaumu sana. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kila darasa lilipangiwa Sh milioni 20, fedha zikatangulia kwenye akaunti, ndipo kamati zikatafuta mafundi jamii. Waliokaa kwenye kamati zile walijifunza mengi mazuri, na moja linalowaponza leo: kwamba fedha hutangulia kazi. Ruzuku nyingi za ujenzi za mashirika ya hisani huenda kinyume. Unajenga hatua, unathibitisha hatua, unadai, ndipo unalipwa.

Kiambatisho kiliigawa ruzuku mara tatu: milioni 20 msingi na jamvi vikikamilika, milioni 25 jengo likiezekwa, milioni 15 baada ya umaliziaji na taarifa ya mwisho. Kila dai liwe na barua ya maombi, hati ya mhandisi wa halmashauri, risiti, taarifa ya benki na picha. Hakuna la ajabu hapo. Ajabu ni jinsi kila karatasi ilivyokuwa na siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo ikipita, basi.

Mfano wa kwanza ni zege. Mchoro ulitaka mkanda wa msingi uwe na nondo nne za milimita 12, na ringi kila baada ya sentimita 20. Mhandisi alipaswa kuziona kabla hazijafunikwa. Alipigiwa simu Jumatatu, akasema atafika Alhamisi. Jumatano wingu la vuli likatanda. Fundi alikuwa na vibarua kumi wanaosubiri ujira. “Mwenyekiti, wingu lile halimsubiri mhandisi,” alisema, na mwenyekiti akaruhusu.

Alhamisi mhandisi alifika na pikipiki yake, akauzunguka msingi kimya.

“Shikamoo mzee. Nondo ziko wapi?”

“Marahaba mwanangu. Zimo humo ndani.”

“Basi mzee wangu, nami siwezi kusaini nisichokiona.”

Nondo zilikuwamo kweli, na nne kamili. Haikusaidia kitu. Ilibidi mkanda uvunjwe sehemu tatu ili zihesabiwe, kisha uzibwe upya, na gharama hiyo haikuwamo kwenye makisio. Vipande vya kupimia uimara havikuwezekana kabisa, maana mchemraba wa milimita 150 huchukuliwa zege likiwa bichi na kuvunjwa maabara siku ya 28. Mhandisi akaandika hati yenye maneno “isipokuwa”, na wafadhili wengi wakiona neno hilo hurudisha jalada.

Pembeni ya zege kulikuwa na risiti, na hapa ndipo fedha nyingi zilipopotelea. Tangu 2010 Tanzania inatumia mashine za risiti za kielektroniki (EFD), na risiti yake ina namba ya uhakiki ambayo mhasibu wa mfadhili, hata akiwa nchi nyingine, anaweza kuiingiza kwenye mtandao wa TRA akaona kama mauzo yalifanyika kweli. Mama mweka hazina alikuwa mwaminifu, alizitunza zote kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, karibu na dirisha lenye jua. Karatasi ile huandikwa kwa joto, si kwa wino. Siku ya kuandaa dai, risiti ya saruji mifuko 120 ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Nakala ya fotokopi iliyopigwa siku ya manunuzi ingegharimu fedha ya andazi.

Zilizosomeka nazo zilikuwa na jambo lake. Mbili zilibeba jina la mwenyekiti badala ya jina la kikundi, kwa sababu alilipa kwa simu yake. Moja ilikuwa ya tarehe ya kabla ya mkataba kusainiwa. Hiyo ilikataliwa bila mjadala, na kwa maoni yangu ilikataliwa kwa haki: mfadhili hawezi kulipia kilichonunuliwa kabla hajaahidi. Za jina zilijadilika, kwa muhtasari wa kikao na taarifa ya miamala.

Mchanga ulitoka mtoni kwa kijana mwenye punda. Huyo hana mashine wala TIN. Wafadhili wengi wanalielewa hilo, na hukubali hati ya malipo yenye sahihi ya muuzaji, nakala ya kitambulisho chake na shahidi wa serikali ya kijiji. Lakini hukubali kama mliwaambia mapema. Kikundi kiliandika tu kwenye daftari: “mchanga, safari nyingi”.

Nguvu za wananchi ziliwauma zaidi. Andiko liliahidi kijiji kitachangia asilimia 10 kwa msaragambo: kuchimba msingi, kusomba mawe na maji. Watu walijitokeza, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyeandika majina. Kwenye jalada mchango wa kijiji ukasomeka sifuri, na kwa kuwa ruzuku ilitegemea mchango huo, malipo ya kwanza yakakatwa kwa uwiano. Daftari la mahudhurio lenye tarehe, jina, kazi na sahihi lingekuwa na thamani ya mamilioni. Kuliandika upya kwa kubuni majina baada ya miezi mitatu, kama mjumbe mmoja alivyoshauri, kungekuwa kughushi, na mweka hazina alikataa. Ndiye mtu pekee katika kisa hiki ninayempa heshima zote.

Dai la kwanza lililipwa mwezi wa tano: milioni 13 na ushee, badala ya 20. Kufikia hapo mwenye duka alikuwa amepanda mlima mara kadhaa na kitabu chake cha madeni. Kuta zilisimama kwenye usawa wa madirisha hadi kaya zilipochangishwa kumaliza deni.

Mkataba ule ulikuwa na kipengele cha malipo ya awali ya hadi robo ya ruzuku kwa vikundi visivyo na mtaji, yakiombwa kwa maandishi kabla ya kusaini. Hakuna aliyeomba. Wewe ambaye hujasaini, uliza kama wako unacho. Kama hauna, omba mfadhili amlipe mwenye duka moja kwa moja kwa ankara. Mpe mhandisi ratiba yenye siku za kumwaga zege, na umwandikie fundi kwenye mkataba wake kwamba zege likimwagwa kabla ya sahihi ya mhandisi, gharama za kuvunja ni zake.